Ramadhani ya jirani, shimo la wote

Wachimbaji wengi wa Kivu ni wakristo, lakini kazi inawapeleka mahali ambapo Ramadhani inatawala mwezi mzima. Namna gani mtu asiyefunga anaishi na kushuka shimoni pamoja na wale wanaofunga? Tuliwauliza waliopita huko, na wake wao waliobaki hapa Goma.

Karibu saa kumi na mbili na robo jioni, katika kiwanja kimoja cha Majengo. Nyumba nne za mbao juu ya mawe ya volkano, bomba moja la maji, makaa yanawaka mbele ya kila mlango. Mama mwenye kiwanja, mwislamu, ameweka sahani ya tende na sufuria ya uji juu ya kiti cha plastiki, lakini hagusi kitu. Watoto wa wapangaji wake, wakatoliki na waprotestanti, wamekaa pembeni yake kimya, macho kwenye tende. Hata sisi tuliokuja na daftari tumenyamaza.

Halafu sauti ya mwadhini inatoka msikitini. Mama anataja jina la Mungu, anakula tende moja, anakunywa maji, na kisha sahani inazunguka. Wa kwanza kupewa ni mtoto wa mpangaji.

« Hawa hawafunge, lakini wananichungiaka saa kuliko mimi, » anasema akicheka.

Mama wa mtoto huyo ni mkristo, bibi ya mchimbaji. Bwana yake amepitisha Ramadhani moja nzima Salamabila, huko Maniema, na ndiye tuliyemfuata. Yuko nyumbani kwa wiki chache, akingoja kurudi kazini. Jina lake tunaliacha, kama alivyoomba.

Maneno yetu yametoka huko

Kabla ya habari yake, tukumbuke kitu kimoja. Sisi watu wa Goma, hata wale ambao hawajawahi kuingia msikitini, tunaita jioni mangaribi. Wachache wanafikiri kwamba neno hilo ni jina la sala ya waislamu, ile ya jua linapozama, saa ileile wanapofungua. Kanisani tunatoa sadaka, tunafanya sala, tunafunga na kuomba. Maneno haya yote yalikuja na lugha, na lugha ilikuja na wafanyabiashara wa pwani waliotoka upande wa Zanzibar katika karne ya 19. Walijenga vituo vyao Nyangwe, Kasongo, Kabambare. Tippu Tip alikuwa mkubwa wao aliyejulikana zaidi. Walitafuta pembe za tembo, na walichukua watu utumwani. Hilo pia Maniema haijasahau. Mwaka 1893 askari wa Leopold II waliteka Nyangwe, kisha Kasongo, na utawala ule ukaisha. Dini ilibaki. Mpaka leo, ukitafuta mahali pa Kongo ambapo Ramadhani inaonekana barabarani, sokoni na kazini, utaambiwa uende Maniema.

Salamabila iko katika territoire ya Kabambare, karibu na Namoya. Kuna dhahabu, basi kuna watu wa kila upande: wenyeji, watu wa Kivu ya Kusini, watu wetu wa Masisi na Goma. Yeye alipitia Bukavu kwa mashua, akashuka Uvira na Fizi, kisha moto mpaka huko. Alifika mwanzoni mwa mwaka 2023. Mwezi wa tatu, Ramadhani ikaanza.

Siku ya kwanza, chupa ya maji

Shimo lao lilikuwa na watu wanane. Watano waislamu, watatu wakristo. Kiongozi wa shimo, mzee wa Maniema, alikuwa mwislamu. Hakuna aliyewaambia wageni kitu. Siku ya kwanza mchimbaji wetu alikuja kama kila siku, na mihogo yake ya kuchemsha na chupa ya maji. Saa tano akakaa juu ya lundo la udongo, mlangoni mwa shimo, akaanza kula.

« Hakuna mutu aliniambia kitu, » anasimulia. « Njo ile ilinichoma. Walikuwa wananiangalia kidogo, kisha wanaangalia chini. Mihogo ilinikwama hapa. » Anaonyesha koo.

Jioni mzee akamwita pembeni. Hakumkatalia kula. Alimwambia tu: « Mwanangu, wewe kula, dini yangu haikufungi wewe. Lakini usikulie mlangoni, ambapo mwenzako anatoka na kiu. »

Hapo kijana alielewa nusu tu. Kesho yake alijificha nyuma ya shitingi kula. Siku ya tatu aliona haya hata kujificha, akala kidogo sana. Siku ya nne hakula wala hakunywa mpaka usiku. Hakuna aliyemlazimisha. Haya ndiyo ilimlazimisha. Na hapa kuna jambo ambalo wengi wetu tusiofunga hatulijui: wenzake walikuwa wanaamka saa kumi ya usiku kula daku. Wanapika, wanakula vizuri, wanakunywa maji mengi, kisha wanaanza kufunga kabla ya alfajiri. Yeye alikuwa amelala. Alishuka shimoni na tumbo la tangu jana, wala hakuna aliyejua.

Siku ya tano, karibu saa tisa ya mchana, alikuwa akipandisha mfuko wa mawe. Salamabila iko chini kuliko Goma, joto lake ni lingine, na ndani ya shimo hewa ni nzito. Alianza kuona giza machoni. Mikono ikalegea. Mfuko ukamponyoka, ukateremka njia nzima, ukapita karibu na kichwa cha mwenzake aliyekuwa chini.

« Kama angekuwa amesimama hatua moja upande ule, ningekuwa nimeua mutu, » anasema polepole. « Na yeye ndiye alikuwa anafunga. Mimi ndiye nilianguka. »

Mkutano juu ya lundo la udongo

Jioni ile, baada ya futari, mzee aliita wote wanane. Alimuuliza kijana alikula nini. Kijana akasema ukweli. Mzee akakasirika, lakini hakukasirika juu ya mfuko. « Funga ya haya si funga, » alimwambia. « Sisi tunafunga kwa Mungu, tena tunajitayarisha. Wewe umefunga kwa macho ya watu. »

Kisha walizungumza hadi usiku, na mambo yaliyokuwa yamefichwa yakatoka. Mkristo mmoja alisema wazi kwamba tangu Ramadhani ianze waislamu wanatoka mapema, na kwamba siku ya kugawa mchanga watu wote wanapata sawasawa. Mwislamu mmoja akajibu kwamba kila Jumapili wakristo wako kanisani na yeye yuko shimoni, na hajawahi kuhesabu. Maneno yalipanda. Mzee akayaacha yapande, kisha akauliza swali moja: « Pasaka ni lini? »

Mwaka ule Pasaka iliangukia tarehe 9 Aprili, katikati ya Ramadhani. Idi ilikuja baadaye, karibu na tarehe 21. Wakaanza kupanga. Haya ndiyo waliyopatana, kama alivyotuhesabia kwa vidole:

Kazi nzito, ya kuchimba na kupandisha mifuko, inafanywa asubuhi, toka jua linapotoka mpaka saa sita. Baada ya saa nane hakuna anayeshuka, awe anafunga ao hafungi. Alasiri ni ya kazi za juu: kupanga miti ya kushikilia shimo, kutengeneza kamba, kuchagua mawe.

Asiyefunga anakula saa tano, ndani ya kibanda, mlango wazi. Asile mlangoni mwa shimo, lakini asijifiche wala asiache kula.

Bidoni ya maji inabaki mlangoni mwa shimo siku zote, na ni ya wote. Mwenye kufunga akisikia kizunguzungu, anakunywa, na hakuna wa kumcheka. Siku ile atailipa baadaye.

Pasaka wakristo wanapumzika, waislamu wanalinda shimo. Idi waislamu wanapumzika, wakristo wanalinda. Mgawanyo unabaki sawa.

Na la mwisho: mtu yeyote asishuke bila kusema kama amekula, hata kama ni usiku uliopita.

« Tangu siku ile, walikuwa wananiamsha saa kumi kula daku, » anasema. « Mimi sikufunga. Nilikula nao usiku, na saa tano nikakula tena. Nilinenepa Ramadhani! » Bibi yake anacheka kwa sauti mlangoni.

Dini inasema nini juu ya mtu wa kazi ngumu

Tulitaka kujua kama bidoni ile ya mlangoni ni desturi ya mzee mmoja tu, ao kama ina msingi. Msingi upo. Kurani yenyewe inamruhusu mgonjwa na msafiri aache kufunga, na alipe siku zile wakati mwingine. Mama mwenye mimba ao anayenyonyesha, akiogopa juu ya afya yake ao ya mtoto, naye ana ruhusa. Juu ya mtu wa kazi ngumu, mashehe wengi wanafundisha kwamba anaamka na nia ya kufunga kama wengine. Lakini akifika mahali ambapo mwili wake uko hatarini, anafungua na kulipa siku ile baadaye. Kujiua kwa kiu si ibada.

Basi mkristo anayemwambia mwenzake « kunywa, ndugu » wakati anamwona anayumba, hamharibii dini. Anamkumbusha ruhusa aliyo nayo. Lakini kumwekea chupa mbele ya pua kwa mzaha, siku nzima, hiyo ni dharau, na shimoni dharau inaleta ugomvi.

Mwili hauulizi mtu ni wa dini gani. Kichwa kuuma, mkojo kuwa mweusi kama chai, misuli kukaza, kizunguzungu, kujibu maneno yasiyoeleweka: hizo ni dalili kwamba maji yamepungua mwilini. Mtu wa namna hiyo anatolewa juu, kivulini, na anapewa maji kidogo kidogo. Tena tusisahau motopompa. Moshi wake ndani ya shimo unaleta kizunguzungu na kichwa kuuma vilevile, na unaua haraka kuliko kiu. Tusikimbilie kusema « ni njaa ya Ramadhani tu » wakati mashine inanguruma chini. Watu wote watoke kwanza, maswali baadaye.

Waliobaki nyumbani

Tulipomuuliza bibi yake Ramadhani yake ilikuwa namna gani, alidhani tunamchezea. Kisha akaanza kuhesabu. Sukari inapanda bei. Unga wa uji pia. Vijiji vya mbali havina mtandao kila siku, na pesa ya simu inachelewa. Mwaka 2023 bwana yake alimwambia kwamba mwezi ule uzalishaji utapungua kidogo, kwa sababu hawashuki tena alasiri. Yeye alikasirika.

« Nilimwambia, wewe umekuwa mwislamu sasa? Watoto watakula Ramadhani? » anakumbuka. Habari ya mfuko ulioanguka, bwana yake alimficha. Aliijua tu aliporudi. « Kama angeniambia, ningesema wasishuke hata asubuhi. »

Mama mwenye kiwanja ndiye aliyemsaidia mwezi ule. Kila jioni sahani moja ya futari ilivuka uwanja: siku moja uji, siku nyingine sambusa ao viazi. Naye alijifunza kurudisha. Sahani ya jirani hairudi tupu. Aliporudisha sambaza za kukaanga, alihakikisha zimefika baada ya mangaribi. Mchana alizima redio ya muziki saa ambayo mama anasoma. Watoto wake walikatazwa kula ndizi wakimtazama. Hakuna aliyeandika sheria hizo.

Mwaka 2025 mambo yaligeuka. Vita viliingia Goma mwishoni mwa Januari, benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na Ramadhani ikaanza tarehe 1 Machi wakati watu hawana noti mkononi. Jumatano ya Majivu ikafuata tarehe 5. Wakatoliki wa kiwanja waliingia Kwaresima na mama mwenye nyumba alikuwa tayari anafunga. « Mwaka ule, » anasema, « tulifunga wote, wenye dini na wasio na dini. Njaa haikuchagua. » Sahani iliendelea kuvuka uwanja, ndogo kuliko zamani.

Mahali pengine, sheria nyingine

Kwetu Kongo, Katiba inasema katika kifungu cha kwanza kwamba nchi haina dini ya serikali. Hakuna polisi wa kukukamata ukila mchana wa Ramadhani, hata Kasongo. Kinachokuzuia ni heshima tu. Wachimbaji na wafanyabiashara wetu wanaosafiri wajue kwamba si kila mahali ni hivyo.

Zanzibar karibu watu wote ni waislamu. Mchana wa Ramadhani sehemu nyingi za kula zinafungwa, na mwezi wa Machi 2024 polisi huko walikamata watu kwa kula hadharani. Mgeni mkristo anakula ndani ya nyumba yake ao hotelini.

Dubai, ambapo dhahabu nyingi ya upande wetu inaishia, zamani mikahawa iliyofungua mchana ilitakiwa kuweka pazia. Tangu 2021 hailazimiki tena. Lakini mtu wa heshima hatembei barabarani akitafuna. Na kuna jambo moja ambalo wafanyakazi wa huku wangelipenda: katika Umoja wa Falme za Kiarabu, saa za kazi za kampuni zinapunguzwa saa mbili kwa siku wakati wa Ramadhani, na sheria hiyo haiulizi kama mfanyakazi ni mwislamu ao mkristo. Wote wanatoka mapema. Ni jambo lilelile walilopatana wale watu wanane juu ya lundo la udongo Salamabila, isipokuwa wao hawakuwa na wizara wala karatasi.

Woga tusioutaja

Hatuwezi kuandika juu ya Ramadhani katika Kivu ya Kaskazini na kuficha kitu kingine. Upande wa Beni na Ituri, kuna watu wanaoua raia wakitaja jina la Uislamu. Wachimbaji wa upande ule wanalijua hilo kwa machozi. Kwa sababu hiyo, kuna wakristo wanaomwangalia kila jirani mwenye kofia ya sala kwa jicho baya, na kuna wakuu wa mashimo wanaokataa kuandika kazi kijana anayeitwa Hamisi ao Ramazani.

Lakini tukumbuke tarehe 1 Mei 2021. Shehe Ali Amini, aliyekuwa kiongozi wa waislamu wa Beni, aliuawa kwa risasi ndani ya msikiti, jioni, watu wakiwa katika sala, katikati ya mwezi wa Ramadhani. Alikuwa mtu aliyesema wazi dhidi ya wauaji hao. Damu yake ilimwagika juu ya mkeka wa sala. Anayemnyima kazi Ramazani wa Maniema kwa sababu ya wauaji wa msituni anamwadhibu mtu ambaye naye anawindwa.

Mzee wa Salamabila alimwambia mchimbaji wetu jambo hilo kwa njia yake. Alipomuuliza kwa nini anawakubali wakristo katika shimo lake, alijibu kwamba mwamba ukianguka hauulizi nani ametahiriwa na nani amebatizwa.

Mwaka kesho tena

Kalenda ya waislamu inafuata mwezi wa mbinguni, na kila mwaka Ramadhani inarudi nyuma karibu siku 11. Kwa hiyo miaka hii inatembea pamoja na Kwaresima. Mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 18 Februari, na waislamu walianza kufunga siku hiyo ao kesho yake, kwa kufuata mwezi ulivyoonekana. Mwaka 2027 Ramadhani inangojewa karibu na tarehe 8 Februari, na Jumatano ya Majivu ni tarehe 10. Baadaye zitaachana. Ramadhani itaendelea kurudi nyuma mpaka mwaka 2030, ambapo itaanza mara mbili, mwezi wa kwanza na mwezi wa kumi na mbili.

Wenye mashimo wanaweza kuziandika tarehe hizo sasa, kama wanavyoandika majira ya mvua. Ni rahisi kupanga saa za kazi kabla, kuliko kupanga mazishi baadaye.

Mchimbaji wetu anarudi barabarani hivi karibuni. Safari hii haendi Salamabila. Rafiki amemwita upande mwingine, mahali asipojua watu. Tulimuuliza atafanya nini akikuta watu wanafunga.

« Nitauliza mbele ya kushuka, » alisema. « Hapa nani anafunga, nani hafunge, maji yako wapi. Wakinicheka, wanicheke. »

Nje, mama mwenye kiwanja alikuwa amemaliza kuosha sahani ya tende. Aliiweka ukutani ikauke, juu ya sufuria ya bibi ya mchimbaji, akaingia ndani kuswali.